Maji Yaliyoshtakiwa

Jumatatu ya tarehe tisa, mwezi wa sita, asubuhi, niliosha damu ya mke wangu kwa mpira wa maji na sabuni ya unga, na bosi akanisifu.

Sikujua kwamba ni yake. Hilo ndilo ninalolisema tangu siku ile, na katika wenye vyeo wote niliowaambia, hakuna aliyeinua kichwa.

Kwa aliyechelewa kufika: mimi ni mwosha magari wa machinjio ya umma. Alfajiri ile mke wangu alikuwa anakwenda sokoni kwenye meza yake ya vitambaa. Gari likamgonga, halikusimama. Asubuhi Meneja wetu akaingia langoni na gari lake, nikaliosha kama ninavyoliosha kila siku. Muda si mrefu askari wakaja, wakalikuta bado linachuruzika, maana kuna mtu alikuwa ameliona likitoka mbio upande ule wa barabara.

Gari halikushtakiwa. Mwenye gari hakushtakiwa. Yeye alipewa kiti akae. Maji ndiyo yaliyoshtakiwa, na kwa kuwa maji hayana mikono ya kutiwa pingu, wakachukua yangu. Kosa lenyewe: kuzuia haki isitendeke kwa kuharibu ushahidi.

Juma lililopita mliniacha kizimbani. Mwendesha mashtaka alikuwa amenibana. Tunamwita Miwani kwa sababu anazo mbili, moja usoni na moja kichwani. Alikuwa ameniuliza: "Ulipokuwa unaosha gari hilo, uliona damu?" Na nyuma yake wakili wangu alikuwa anatikisa kichwa kuniashiria niseme hapana, mpaka nikaihurumia shingo yake.

Nikasema, "Niliona."

Wakili wangu akaangusha kalamu. Ni binti mdogo, umri wa mwanangu, amepewa kesi yangu na serikali kwa sababu mimi sina wa kumweka. Nadhani dakika ile aliona serikali imemwonea yeye kuliko ilivyonionea mimi.

Miwani akashusha zile za kichwani, akazivaa juu ya zile za usoni. Sijui aliona nini cha ziada.

"Rudia, Mheshimiwa asikie."

"Niliona damu. Ilikuwa kwenye bampa, kwenye wavu wa mbele, na chini ya taa ya kushoto."

"Ukaiosha."

"Nikaiosha vizuri."

"Vizuri," akasema, kama mtu anayelamba kijiko. "Na hukuona ajabu yoyote, asubuhi na mapema, kukuta damu kwenye gari la mtu?"

"Ningeona ajabu kama nisingeikuta."

Hakimu ni mama mwenye sauti ya upole, ya kumlaza mtoto. Akainua macho. "Hebu eleza, mshtakiwa."

"Mheshimiwa, pale ni machinjioni. Lori la nyama lina damu. Gari la daktari wa mifugo lina damu. Baiskeli ya mlinzi ina damu. Kiti cha mhasibu kina damu, na yule hajawahi kushika kisu, hata kitunguu anamenyewa. Ningekuwa nauliza kila damu imetoka wapi, mpaka leo ningekuwa sijamaliza gari la kwanza."

Watu wakacheka. Mimi sikuwa nimesema mzaha.

"Tena ni amri," nikaendelea. "Meneja anatupanga mstari kila asubuhi anatuambia: damu isikaukie kwenye gari. Ikikauka inaita inzi, inzi wanaita wakaguzi, wakaguzi wanaita maneno. Aliyeacha damu ikakauka, anarudi nyumbani na sabuni yake."

Miwani akapunga mkono, kama anafukuza hao inzi. "Kwa hiyo unaiambia mahakama hii kwamba wewe huwezi kutofautisha damu ya mtu na damu ya ng'ombe?"

"Zote nyekundu. Zote zinataka maji baridi, ya moto yanazigandisha."

"Jibu swali!"

"Siwezi. Ng'ombe hawajawahi kulalamika."

Miwani akakaa chini, ameridhika. Shule niliishia darasa la nne, lakini uso wa mtu aliyeshiba naujua. Kwake kazi ilikuwa imekwisha: mshtakiwa ameiona damu, ameiosha, tena vizuri. Kilichobaki ni kunipimia sare ya jela.

Kwenye benchi la nyuma mtu akaguna. Ni shemeji yangu, kaka wa marehemu. Tangu siku ya mazishi hajanisalimia, na binti yangu, mtoto wangu wa pekee, amehamia kwake. Huko kwao wameshanihukumu bila joho: eti nililiosha lile gari nikijua, ili nilinde kibarua changu. Eti nilimbadilisha dada yao kwa mpira wa maji.

Nisikilizeni vizuri hapa. Jela siiogopi kiasi hicho. Kule angalau kuna watu wa kuongea nao. Nyumbani kwangu sasa kinachozungumza ni bati tu, jua likipanda. Ninachoogopa ni kwamba nikifungwa mimi, kesi ya mke wangu imefungwa pamoja nami. Wakubwa watakuwa wamempata mtu. Meneja atarudi kwenye kiti chake, na mwanangu ataishi akijua aliyemsaidia muuaji wa mama yake ni baba yake.

Wakili wangu akasimama. Nilidhani anakwenda nyumbani.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba shahidi wa upande wa mashtaka, Meneja wa machinjio, arudishwe. Nina maswali mawili. Labda matatu."

"Pingamizi!" Miwani akaruka. "Shahidi huyu alishatoa ushahidi wake na ana kazi zake za kujenga taifa."

"Taifa litamsubiri," akasema Hakimu. "Arudi."

Meneja akaja akitembea kama mtu anayekwenda kukata utepe. Koti limenyooshwa, viatu vinang'aa. Alipopita kizimbani kwangu akanipiga jicho, akasema kwa sauti ya kazini kabisa, "Bila Doa! Vipi hali?"

Bila Doa ni mimi. Ndilo jina alilonipa mwenyewe.

"Salama, bosi," nikajibu.

Mazoea mabaya. Wakili wangu akafumba macho, akayafumbua.

"Meneja," akaanza, laini kama anauliza njia ya posta. "Jumatatu ile uliingiaje kazini?"

"Kwa gari langu. Nilitoka nyumbani moja kwa moja. Nilishasema."

"Ulishasema, ahsante. Na ulipotoa ushahidi hapa uliiambia mahakama kwamba gari lilikuwa safi, halina damu."

"Safi kabisa. Vumbi tu la njiani."

"Kwa hiyo mshtakiwa aliosha vumbi."

"Vumbi."

"Kuosha vumbi ni kosa?"

Kuna watu walicheka mapema, kama wale wanaopiga makofi hotuba haijaisha. Meneja naye akatabasamu, kwa heshima ya kicheko. Kisha akamwona Miwani. Miwani alikuwa amevua zote mbili, za juu na za chini, anamkodolea macho matupu.

Maana hata mimi wa darasa la nne nililiona shimo. Kama gari lilikuwa safi, mimi nimeharibu nini? Ushahidi wa vumbi?

"Nadhani," Meneja akakohoa, "nadhani sikueleweka. Damu ilikuwepo. Kidogo."

"Aa. Ilikuwepo."

"Kidogo sana."

"Kidogo sana ya nani?"

"Ya ng'ombe, binti! Ya nani tena? Pale ni machinjioni!" Akageukia umma atafute wa kumwunga mkono. "Nilipita mabandani, nikakagua, ndama mmoja akanisogelea…"

"Ulipita mabandani na gari."

"Ndiyo."

"Ukitoka nyumbani moja kwa moja."

Meneja akatoa leso. Nimefanya naye kazi miaka mingi, na sijawahi kumwona akitoka jasho. Kazi hiyo alikuwa ametuachia sisi.

"Basi iwe ya ng'ombe," wakili wangu akasema, kama dada mkubwa anayesamehe. "Na kuosha damu ya ng'ombe kwenye magari ya pale ni kazi ya nani?"

"Yake."

"Kwa amri ya nani?"

Meneja akaikunja leso yake.

"Meneja?"

"Yangu."

"Na asubuhi ile ulipoona ameshaliosha, ulimwambia nini?"

Meneja akanitazama. Nikamtazama.

"Nilimwambia… kazi nzuri."

"Sina swali lingine, Mheshimiwa."

Hakimu akaandika. Akaandika tena. Kisha akasema mahakama ipumzike kidogo, naye akaondoka na karatasi zake. Meneja akatoka akipitia mlango wa pembeni, ule wa watu wasiopangiwa foleni.

Kwenye ujia wakili wangu alinishika mikono yote miwili. Ungesema mimi ndiye nimemuoza.

"Mzee wangu! Umeokoka! Unaelewa kilichotokea mle ndani?"

"Meneja amesema uongo mara mbili."

"Achana na uongo. Sikiliza. Kama hakukuwa na damu, hukuharibu chochote. Kama ilikuwepo na ni ya ng'ombe, umefanya kazi uliyoamriwa. Milango yote miwili inatokea nje. Hakimu akirudi atakuuliza swali moja tu, nimemwona anavyoandika. Atakuuliza: ile damu ilikuwa ya ng'ombe? Utasema ndiyo. Usiongeze hata nukta. Leo unalala kwako."

Nikafikiri kidogo. Mimi nikifikiri huwa natazama chini, ndiyo maana watu hudhani nakubali.

"Na Meneja," nikamwuliza, "anatokea mlango gani?"

Akaniachia mikono.

"Huohuo, mzee."

"Pamoja na mimi?"

"Pamoja na wewe. Mahakama ikishaandika kwamba ilikuwa ya ng'ombe, imeandika. Nani atarudi kuifuata tena?"

Nikamwambia, "Wakili, kuna jambo sijalisema."

"Basi usiliseme."

"Kwenye wavu wa mbele palikuwa na uzi."

"Mzee, nimekuambia…"

"Uzi wa kusukia nywele. Mweusi, una mchirizi wa zambarau. Nikauvuta, nikautupa mferejini. Sikuwaza kitu, gari huokota kila takataka barabarani, kwenye wavu uleule niliwahi kutoa kandambili. Nimekuja kujua ni uzi gani nilipoingia chumba cha maiti. Upande mmoja wa kichwa cha mke wangu ulikuwa umesukwa. Upande wa pili ulikuwa umefumuka."

Akarudi nyuma hatua moja.

"Ng'ombe hasukwi, Wakili."

Wallahi binti yule aliziba masikio. Kwa viganja viwili, ndani ya joho, mbele ya watu wanaopita.

"Sikusikia," akasema. "Hilo sikulisikia, na wewe hukulisema. Unajua ukilitamka mle ndani nini kitatokea? Miwani atasema: uliona uzi wa mtu, ukajua umeshika kitu cha mtu, ukautupa kwa mkono wako. Kila nilichojenga leo kitakuwa kifusi. Utafungwa."

"Na Meneja?"

"Watamchukua. Labda."

"Labda?"

"Uzi wenyewe uko wapi? Mferejini. Unabaki na maneno yako tu, na maneno ya mshtakiwa… ndiyo maana nimesema labda. Labda ni neno la kisheria, mzee."

"Kwa hiyo mimi nafungwa kwa hakika, yeye anakamatwa kwa labda."

"Ndiyo hivyo." Sauti yake ikashuka. "Usinitazame hivyo. Mimi ni wakili wako. Si wakili wa marehemu."

"Wa marehemu ni nani?"

Akageuka kutafuta kalamu yake, na kalamu ilikuwa mkononi.

Hapo ndipo nilipomwona shemeji. Alikuwa amesimama karibu na nguzo, na nyuma yake binti yangu. Hatua chache tu. Sijui walikuwa hapo tangu lini.

"Umefurahi?" shemeji akasema. "Umewachekesha watu. Ng'ombe hawalalamiki! Dada yangu amekuwa mchezo wa kuigiza."

"Shemeji, nisikilize…"

"Usiniite shemeji. Aliyetuunganisha ulishamwosha."

Nimetukanwa na wengi, wenye elimu na wasio nayo, lakini neno lile lilinikalisha. Nilikalia benchi bila kuangalia kama pana mtu. Palikuwa na mtu. Akasogea. Nadhani na yeye alikuwa na kesi.

"Mjomba, basi," binti yangu akasema. Akanijia. Amekonda. "Shikamoo, baba."

Lilikuwa neno la kwanza kutoka kwake tangu tumzike mama yake.

"Marahaba, mwanangu."

"Umekula?"

"Nimekula," nikadanganya.

"Hujala. Ukila huwa unajipangusa na kitambaa, sasa hivi unajipangusa na mkono." Akaketi pembeni yangu. Nikaiona mikono yake. Jumapili ile jioni ni mikono hiyo iliyomsuka mama yake, wamekaa kizingitini, mmoja juu mmoja chini, wanasengenya ukoo mzima kwa zamu na mimi nimo. Uzi alikuwa amemchagulia yeye. Mama yake alisema zambarau ni ya wasichana. Yeye akamwambia, mama, nawe ni msichana, ila umechelewa kurudi.

"Baba, yule mama Hakimu atakuuliza?"

"Ataniuliza."

"Utamwambia nini?"

Karani akatoka akaita jina la kesi. Hakuna mtu aliyewahi kunifaa kama karani yule.

Tukaingia. Meneja alikuwa ameshakaa, mbele, ameletewa maji ya kunywa. Kwenye glasi. Shemeji akarudi benchi la nyuma. Binti yangu safari hii hakurudi naye. Akakaa benchi la kwanza, mkabala na kizimba, ambapo nisingeweza kumtazama Hakimu bila kumpitia yeye.

Hakimu akapanga karatasi zake.

"Mshtakiwa, simama. Nimewasikia wote. Mawakili watapata nafasi zao za kuzungumza, wasiwe na haraka. Lakini mimi nina swali langu mwenyewe, na jibu lake naliandika hapa, kama utakavyolisema wewe. Shahidi amekiri kwamba gari lilikuwa na damu. Amesema ni ya ng'ombe. Wewe ndiye pekee uliyeigusa. Je, unakubali kwamba damu uliyoiosha ilikuwa ya ng'ombe?"

Wakili wangu hakutikisa kichwa. Alikuwa ameinamia meza, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anasali, au anasema ndiyo kwa niaba yangu.

Fikirini na mimi, nyie mnaosoma mkiwa mmekaa. Neno moja fupi, nipo nyumbani leo, nafungua mlango wangu kwa ufunguo wangu. Kesho Meneja anaweza hata kunirudisha kazini. Nimesikia wamemweka mtu pale na anaacha madoa. Na mke wangu anaingia kwenye vitabu vya serikali kama mwanamke aliyejigonga mwenyewe barabarani, akafa, bila kumsumbua mkubwa yeyote. Au neno jingine, nalo si refu kuliko hilo. Nautaja uzi. Nakwenda ndani, na yeye anakamatwa kwa labda.

"Mshtakiwa? Mahakama inasubiri."

Miwani alikuwa ameshavaa zote mbili. Meneja alinitazama juu ya glasi yake, akanipa tabasamu dogo, lile la asubuhi, la kazi nzuri.

"Mheshimiwa…" nikasema.

Benchi la kwanza likalia. Binti yangu alikuwa amesimama.

"Kaa chini!" askari wa mlangoni akafoka, akamjia mbio. Shemeji naye akanyanyuka huko nyuma, na kwa mara ya kwanza hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Meneja. Askari alikuwa ameshamshika mwanangu mkono wakati Hakimu alipoinua wa kwake.

"Mwache. Wewe ni nani, binti?"

"Ni mtoto wao," akasema. "Wa huyu na wa aliyekufa. Nimesikia swali lako, Mheshimiwa. Mimi nina langu. Baba akikubali ilikuwa ya ng'ombe, nyinyi mkaandika, tukarudi wote nyumbani, mama yangu atakuwa ameuawa na nani?"